Vidonge vya Maji

Jumatatu, 6 Oktoba

Mimi Enoch Tunnicliffe, miaka sabini na minane. Nimewazika kaka zangu wote, mbwa watatu, injini mbili, na daktari aliyenikataza mafuta ya nguruwe. Mafuta ya nguruwe bado nakula. Tangu nistaafu kupiga lipu, mimi na mke wangu Beryl tunaishi ndani ya tishari letu, Maud, jembamba kama mchirizi na refu kama matanga. Katika mifereji yote ya Uingereza hakuna anayeshika usukani kama mimi. Pargeter atasema yupo. Pargeter ni jirani yetu wa majini, tishari lake kalichora mawaridi mpaka kwenye ndoo. Mwongo!

Sasa wamenizulia ugonjwa. Miguu imevimba, sawa. Ni viatu. Beryl ananibonyeza kifundo kwa kidole gumba, shimo linabaki, analitazama kama mtu aliyeangusha pete kisimani. Daktari, kijana ambaye ndevu zake hazijaamua, kasema moyo wangu unasukuma kivivu. Akanipa vidonge vya maji. Kimoja kila asubuhi, Ijumaa nirudi. Binti yetu Lorna kaapa: nisipopata nafuu Ijumaa, Maud linauzwa, tunahamia kajumba kando ya kwake. Kajumba kenyewe kana zulia la maua. Sakafu haitikisiki! Mtu atajuaje kama yu hai?

Lakini vidonge vya maji navijua. Watu wa mfereji wote hutia tangini, maji yasiote ukijani. Kumbe kijana ana akili: ugonjwa umo majini. Mimi maji siyanywi, nanywa maziwa na bia. Ila amri ni amri. Maandishi ya kwenye chupa ni madogo kama miguu ya nzi, na miwani yangu imelala chini ya mfereji tangu Pasaka. Ya nini kusoma kitu unachokijua?

Jumanne

Tangi ni kubwa, kidonge kama jicho la panzi. Kitapotea. Basi nimekitia kwenye birika la chai. Akili hiyo! Beryl akauliza kama kidonge kimeingia. Nikasema kimeingia. Akanibusu utosini, jambo ambalo hajalifanya tangu tulipopita mji wa Stoke. Akanywa chai yake, akaongeza.

Kutulia mpaka Ijumaa, kasema Beryl. Kutulia! Kijiji cha daktari kiko mbele, chini ya malango ya maji, na pale kuna nafasi moja tu nzuri ya kufunga tishari, mlangoni kwa baa. Pargeter anaitaka. Nimeng'oa vigingi vya kamba, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Beryl kila mara yuko chooni. Ndoo ya choo imejaa, nikaenda kuimwaga mimi, mgonjwa! Njiani nilisimama kutazama ndege. Nilitazama ndege sana. Pumzi ilikuwa inalia kama mlango wa ghala, lakini ndege walikuwa wazuri.

Jumatano

Kidonge kimeingia. Birikani kama jana.

Pargeter katufuata, kafunga tishari nyuma yetu, akaja kunusanusa. Kaniita Nahodha, kwa ile sauti yake ya puani. Kaniuliza ile miguu ni yangu au nimeiazima kwa tembo. Beryl akampa chai. Alikunywa kama ngamia, huku akieleza atakavyofika kwenye baa kabla yangu. Ghafla akanyamaza. Pargeter kunyamaza! Akaomba radhi, akaruka ukingoni, akapita mbio mbele ya mawaridi yake, akatokomea kichakani. Akarudi. Akaenda tena.

Nilimwambia Beryl uzee ni kitu kibaya. Beryl hakucheka. Alisema kiu inamuua na magoti yanacheza. Aka! Nilijua. Mgonjwa ni yeye. Kumbe daktari kamshika mtu siye.

Alhamisi

Leo nisingependa kuandika. Naandika.

Asubuhi kidonge birikani kama kawaida, Pargeter akaja tena kunywa chai, kisha tukafika lango la kwanza. Kazi ni ileile: unaingiza tishari kwenye shimo la mawe, mlango wa nyuma unafungwa, Beryl juu, kwa mkono wa chuma, anafungulia maji yatoke, mnashuka taratibu. Sheria moja tu, hata bata anaijua: nyuma kuna kizingiti cha jiwe, kaa mbele ya mstari mweupe. Tishari likikalia kizingiti maji yakitoka, pua inazama na habari yako imekwisha. Nimewakaripia wageni wangapi kwa hilo!

Beryl akafungulia maji. Mara haja ndogo ikambana, akapiga kelele nishike usukani vizuri, akakimbilia kichakani. Mimi nikashika. Jua kidogo, usingizi kidogo. Kifua kikabana, nikainama tu, kidogo tu. Maud likarudi nyuma lenyewe.

Kishindo! Mkia umekaa juu ya kizingiti, pua inashuka, vikombe vinaporomoka ndani, birika likanipita mlangoni kama risasi. Nikaita Beryl. Sauti haikutoka. Nilifungua mdomo kama samaki.

Ni Pargeter aliyeona, kutoka kichaka cha upande wa pili, naye akiwa na shughuli zake. Akapiga ukelele: Beryl, mzee anazama! Beryl akatoka mbio, sketi mkono mmoja, mkono wa chuma mwingine, akaangusha vizuizi vya mlango wa mbele maji yaache kutoka, akakimbilia mlango wa nyuma kufungulia maji yajae tena. Magoti yalimkunjika mara mbili. Akaamka. Maud likapanda, likakaa sawa. Beryl akakaa chini kwenye nyasi, mweupe kama chaki.

Nilimwambia ameacha kazi katikati.

Ijumaa

Lorna kaja na gari, katubeba wote, Pargeter pia, kwa daktari. Daktari akauliza vidonge nilimeza saa ngapi. Nikacheka: nani anameza kidonge cha maji? Nikamweleza birika. Alifunika uso kwa faili. Mabega yalikuwa yanatikisika, sijui alikuwa analia. Kumbe vinatoa maji mwilini! Sasa wangesema hivyo tangu mwanzo, lugha ipo. Pargeter kaniambia yeye hajawahi kukojozwa na adui.

Lorna akataka zulia leo leo. Beryl alikuwa kwenye benchi, amefunga mikono. Nilitegemea matusi. Alisema usukani anaujua, malango anayajua, asilolijua ni kupika yai moja tu, la mtu mmoja. Kisha akatazama dirishani.

Jicho liliniwasha. Vumbi la hospitali.

Daktari katupa wiki moja. Vidonge vyangu, mdomoni mwangu, kila siku bila kuruka. Ijumaa ijayo miguu iwe imepungua, la sivyo kajumba. Beryl kapata maji ya chumvi na sukari, kesho atakuwa mzima.

Jumamosi

Nimemeza mbele ya Beryl. Nimekwenda msalani hadi njia imenijua. Jioni kabonyeza kifundo, shimo likajifuta upesi kidogo. Kapika mayai mawili. Kaimba. Naweza kusema mimi ndiye niliyegundua dawa hii.

Jumapili, 12 Oktoba

Nafasi ya mlangoni kwa baa iko wazi! Imebaki lango moja. Pargeter yuko mbele yangu, injini inanguruma, kamba mkononi.

Siwezi kukaa nyuma ya mawaridi. Nikamwita, nikamwomba msamaha kwa yote yaliyotokea, nikamkaribisha chai ya upatanisho. Birika alilikagua, akachungulia mpaka kwenye mdomo wake. Safi. Kikombe hakukikagua.

Beryl kapaza sauti kutoka jikoni: kidonge kimeingia? Nikasema kimeingia. Sikusema kimemwingia nani. Cha kesho nitakimeza, naapa, au cha kesho kutwa.

Naandika haya nikiwa nimefunga Maud mlangoni kwa baa, wa kwanza. Miguu inabana viatu kidogo. Ni viatu. Asiyeamini kwamba hakuna nahodha kama mimi, amwulize Pargeter, akitoka kichakani.