Nyangumi wa Mbolea

Jumatatu, 11 Mei 2026
Kiti cha naibu mwalimu mkuu kiko wazi. Tunaokitaka ni wawili: mimi, Gathii, na Mwalimu Phelista, binti kutoka Myanga mwenye bidii ya kukera. Leo amewalaza watoto wake uwanjani, kichwa kwa miguu, mpaka wakatimia mita thelathini. Huo ndio urefu wa nyangumi mkubwa. Hakuna mtoto wa hapa Kibomet aliyewahi kuona bahari. Walipoinuka waligeuka, wakatazama nyasi walizolalia. Mwalimu mkuu, Bi Nyaruai, alipangusa jicho. Nimeumia sana.

Jumanne, 12 Mei
Nyangumi wangu ana mita arobaini. Nani ataenda baharini kumpima? Gredi ya Nne tumevuta kamba, tukamchora uwanjani. Chokaa imeisha stoo, kwa hivyo nimetumia mbolea iliyobaki ya kukuzia mahindi. Nyeupe ni nyeupe. Cherop, msichana wa dawati la mbele, alisema kitabu kinasema thelathini. Nilimwambia vitabu huandikwa na watu waoga. Bi Nyaruai alipita, akasifu. Jioni mvua imefuta kila kitu. Mungu yuko upande wangu.

Jumatano, 27 Mei
Nyangumi ameota. Nyasi zimestawi pale pale tulipomwaga mbolea, kijani kibichi, kuanzia mdomo hadi mkia. Phelista alileta watoto wake na tepu, wakampima. Bi Nyaruai akaniuliza, "Gathii, si huyu wako ameongeza mita kumi?"
Nikasema ana mimba. Hakucheka.

Alhamisi, 28 Mei
Nimeleta ng'ombe wangu apunguze mkia. Amekula kichwa.

Ijumaa, 29 Mei
Phelista ndiye naibu. Nilimpa mkono mbele ya walimu wote. Kisha nikaketi kusahihisha mtihani wa madarasa yote mawili, langu na lake. Urefu wa nyangumi mkubwa ni mita ngapi? Darasa la Phelista: thelathini. Langu zima: arobaini. Cherop alikuwa ameandika thelathini, akakata, akaandika arobaini, na kando yake, "Tulipima na Mwalimu."

Mtoto ameacha kitabu akaniamini mimi. Niliona aibu, siwezi kukataa. Jambo la haki nililijua, wala halikuwa gumu.

Nimewapa wangu wote tiki. Jumatatu nitamwona naibu wetu mpya, nimwambie kwa upole kwamba darasa lake limefeli.