Chombo cha Kupimia cha Fundi Waya

Hemed alilikunja gazeti akalipiga gotini hadi kahawa ya jirani ikamwagika. Alikuwa karani wa kupigia watu barua kwa taipu nje ya mahakama, na kwenye benchi la kahawa nyuma ya Msikiti wa Jamia, mwaka huo wa 1974, hakuna aliyemwita Hemed. Alikuwa Wino.

"Sikieni vituko! Ulaya wamekaza sheria. Kifaa cha stima, hata kiwe kidogo kama kiberiti, hakiuzwi mpaka kipimwe, kionekane hakiwezi kudhuru mtu!"

"Ala! Na zile mabomu zao, nani alizipima?" aliuliza Mungai, mwenye nyumba za kupangisha kule Riruta. Huyo walimwita Ploti.

Watu walicheka, isipokuwa Muthama. Muthama, au Waya, fundi wa redio, alitoa bahasha mfukoni polepole, kama mtu anayetoa barua ya msiba.

"Hiyo maneno imenifikia," alisema.

Mjerumani mmoja mwenye duka la zawadi alikuwa ameipenda redio yake ya kibuyu. Redio ndogo ya betri, imefichwa ndani ya kibuyu, shingo ya kibuyu ndiyo mkono wa kushikia. Aliagiza mia mbili. Siku hiyo hiyo Muthama aliacha kazi, akamwambia tajiri wake maneno ambayo mtu husema akijua harudi tena. Sasa vibuyu mia mbili vilijaa chumba chao cha Kabiria, na mkewe Wangeci alikuwa akipikia mlangoni. Na Mjerumani alitaka fomu iliyokuwa ndani ya bahasha ijazwe, la sivyo hanunui hata kimoja.

"Leta," alisema Hemed, akifungua taipu yake palepale kwenye benchi. "Swali la kwanza. Je, mtumiaji anaweza kupigwa na stima?"

Macho yote yaligeukia redio kubwa ya Athman, muuza kahawa, aliyeitwa Dele kwa sababu dele la shaba, birika lake la kahawa, halikumtoka mkononi. Redio ile ilitoka Ulaya, na muhuri wa usalama uling'aa mgongoni mwake. Athman alivua ndara ya mguu wa kulia, akakamata kitufe kwa hiyo ndara, akapunguza sauti. Mara ya mwisho alipotumia kidole alikaa siku mbili hajui mkono ni wa nani.

"Na hiyo imepita mtihani," alisema Mungai.

"Ilipita kwao, ndugu yangu," alijibu Athman, akivaa ndara yake. "Huku haikuja kufanya mtihani. Imekuja kufanya kazi."

"Yangu haipigi mtu!" Muthama alisema kwa uchungu. "Ni betri moja tu!"

"Haipigi," Hemed aliandika. "Swali la pili. Kifaa kimepimwa kwa chombo gani?"

Kila mtu alikuwa amemwona Muthama kazini. Hutoa ulimi nje, huugusisha betri, hufumba macho. Ukiwasha kama ndimu, betri ni nzima. Usipowasha, tupa. Miaka kumi na miwili hakuwahi kukosea, na ulimi huo aliutunza hata kahawa akaiacha ipoe mpaka nzi wakate tamaa.

"Andika ulimi," alisema Mungai. "Kwani ni ya kuiba?"

"Niandike ulimi kwa karatasi ya Ulaya? Wataniona mimi karani gani?"

"Basi andika ana mashine."

"Zii!" Muthama aliruka. "Uongo sitaki. Nikifungwa Ujerumani, nani ataniletea chakula?"

Hemed alifikiri, akajinyoosha vidole, akaanza kugonga huku akisoma kwa sauti ya hakimu. "Chombo ni kimoja tu. Kilitengenezwa Kitui, mwaka 1936. Hakitumii betri wala mafuta. Hujisafisha chenyewe. Hakijaharibika tangu kiundwe, ila hupumzishwa kikiguswa na pilipili. Kimehifadhiwa mahali penye unyevu, chini ya walinzi thelathini na wawili."

"Thelathini na mmoja," Muthama alisahihisha, akigusa pengo lake. "Nimesema uongo sitaki."

Fomu na redio moja vikapelekwa posta. Kwa miezi miwili Muthama alikuja kila asubuhi akiwa amenyoa ndevu, tayari kwa habari njema. Siku jibu lilipofika, hakuweza hata kuifungua bahasha. Alimpa Hemed.

"'Redio imepimwa,'" Hemed alitafsiri, "'imeangushwa, imelowekwa, imechomwa. Ni salama.'"

Benchi lililipuka. Mungai alimkumbatia fundi hadi kofia ikaanguka. Athman alisahau, akataka kuongeza sauti ya redio kwa mkono mtupu, akakumbuka kidole kikiwa hewani. Muthama alilia, wala hakujificha.

"Ngojeni. Kuna karatasi ya pili." Sauti ya Hemed ilishuka. "'Wataalamu wetu wamestaajabishwa na chombo chenu cha kupimia. Hatuna kama hicho. Kabla ya kutoa cheti, tafadhali kitumeni kwetu ndani ya sanduku la mbao, kimezungushiwa nyasi kavu. Tutakaa nacho miezi mitatu. Kitakatwa katikati, kitazamwe ndani, kisha kitarudishwa kikiwa kizima, ikiwezekana.'"

Hakuna aliyecheka. Muthama aliviona akilini vibuyu vyake mia mbili, akamwona na tajiri wake wa zamani amesimama mlangoni, anamngojea kwa meno yote.

"Nitajibu," Hemed alisema haraka, akivuta taipu. "Nitaandika: chombo hakisafiri bila mwenyewe. Watume tikiti."

"Na mwenyewe asikatwe," aliongeza Mungai. "Hiyo pigia mstari."

Muthama alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha kahawa iliyomiminwa kutoka deleni saa hiyo hiyo, mvuke unapanda, akakipeleka mdomoni.

Athman alimnyang'anya.

"Umerukwa na akili, Waya? Cha moto hiki! Ukikiunguza chombo, Ulaya watakipokea?"