Kamati ya Kumpokea Bwana Injinia

Taifa zima, au angalau sehemu yake iliyo kati ya soko la Rumonge na msitu wa Kigwena, lilitangaziwa kwamba katika mwaka wa tano wa Uhuru litampokea Bwana Injinia K. Uledi, mtoto wa hapa hapa, aliyesomea madaraja Ubelgiji miaka sita. Kamati ya Mapokezi iliundwa. Ilikaa vikao kumi na viwili, ikaafikiana juu ya rangi ya kitambaa cha meza.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, Kulthumu Uledi, binti wa fundi cherehani, alishuka kwenye lori la samaki na sanduku lake, akaenda moja kwa moja biro, ofisi ya Bwana Modeste, administrateri aliyeongoza komini.

"Amahoro, Bwana Administrateri. Mimi ndiye injinia."

Modeste alimtazama, akatazama dosie, faili la mapokezi, akamtazama tena.

"Mamuzeli, hapa iko imeandikwa Bwana."

"Wamekosea."

"Dosie hii imepigwa kashe tatu, mihuri ya Bujumbura. Wewe umepigwa kashe ngapi?"

Kulthumu hakuwa na hata moja. Kwa hiyo, kwa kufuata utaratibu, aliajiriwa kwa muda kwenye Kamati, amngoje Bwana Injinia. Kila asubuhi alikwenda barabarani, akathibitisha kwamba hajafika, akarudi kuandika ripoti.

"Miaka sita, mama," alimlalamikia mama yake, Esha, "na sasa najingoja mwenyewe!"

"Basi jingoje umekaa, mwanangu," Esha alisema, akamsogezea kigoda.

Wakati huo daraja la kwenda Kigwena lilikuwa linamalizika bila injinia, maana sherehe za Uhuru hazina subira. Wanawake walishaanza kulipita na mafuta ya mawese vichwani. Kulthumu alilala kifudifudi, akachungulia chini ya mbao. Nguzo mbili za katikati zilisimama juu ya mchanga mtupu.

"Lifungwe leo," alimwambia Modeste. "Watu watakufa."

"Onyo la daraja hutiwa sahihi na injinia. Akifika, mwambie."

Kulthumu aliomba kamba kwa wavuvi, akalifunga daraja mwenyewe. Kuanzia hapo akawa anawavusha wanawake majini, mahali ambapo mto ulifika magotini, akiwashika mkono mmoja mmoja.

Tarehe mosi Julai, siku ya Uhuru, Modeste alifika darajani amevaa suti. Akaona kamba.

"Ni onyo!" Kulthumu alipiga kelele. "Usipite!"

Modeste aliipenda sana kamba hiyo ya uzinduzi. Akaomba mkasi, akaikata, akapigiwa makofi. Kisha akamshusha dereva wake ili heshima isigawanywe, akaendesha gari la serikali mwenyewe. Katikati ya mto daraja lilikaa chini taratibu, pamoja naye. Kulthumu ndiye aliyeingia majini kwanza, akamtoa dirishani kwa ukosi wa koti.

Bujumbura waliuliza neno moja tu: injinia gani aliidhinisha? Modeste alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alimwita Kulthumu, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Biro imegundua kwamba injinia alishafika tangu mwezi wa tano." Kwa mkono wake alifuta neno *Bwana*, akaandika *Mamuzeli*, akapiga kashe nne. "Sasa tia sahihi hapa, dada yangu. Daraja lilikuwa zima. Mto ndio ulikosea."

"Nitatia sahihi. Ila kwanza niandike."

Aliandika kurasa mbili: mchanga, nguzo, siku ya onyo, na jina la aliyelikataa. Chini akaandika Injinia. Modeste aliisoma, akairudisha mezani.

"Hii haiwezi kwenda."

"Bwana Administrateri, ripoti ya injinia hairekebishwi na asiye injinia. Ni utaratibu."

Jioni ile ile ripoti ilipanda lori la Bujumbura. Kabla ya mvua kuanza, Kulthumu alikuwa mtoni na waashi, wakitafuta mwamba. Modeste alikuwa amepandishwa cheo, akapelekwa kusimamia madaraja ya tarafa moja ya milimani ambayo, kwa mujibu wa barua ya uhamisho, haina mto.