Nilivyozifukuzia Kete za Mwalimu Panikkar

Jumapili, 15 Oktoba

Mke wangu Omana ametoa kauli ya mwisho. Nisipopewa kete za ramli kwenye sikukuu ya vitabu, Jumanne ya tarehe 24, naenda Kozhikode kuuza miavuli kwenye duka la kaka yake. Miavuli! Mimi! Mtu aliyezaliwa Zohali akiwa nyumba ya kumi! Nikamwambia unajimu hautaki haraka. Akanikumbusha wale bata niliowafuga. Nikasema bata walikufa kwa homa, si kwa uzembe wangu. Akanikumbusha biashara ya uyoga. Nikavaa viatu, nikatoka.

Hali ni hii. Mwalimu Kelu Panikkar ana miaka themanini na moja. Kete zake za kuagulia, za simbi za baharini, alipewa na mjomba wake, naye mjomba alipewa na mjomba wake, na silsila inarudi nyuma vizazi kumi na kimoja. Mwaka huu atamruhusu mwanafunzi mmoja akae kwenye ubao na kuzipanga kete mbele ya watu wenye maswali. Tuko wawili. Kuna Damodaran, mstaafu wa posta, aliyehifadhi beti zote mia nane za unajimu. Na kuna mimi, niliyehifadhi kumi na nne. Lakini mimi nina akili.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimegundua! Mwalimu hajibu swali la mtu mpaka aangalie mtu huyo kaingiaje: kakutana na nini langoni, kagusa nini, katanguliza mguu gani. Nusu ya jibu iko hapo. Basi na mimi nitaingia kwa mpango. Hakuna ishara njema kama chungu kilichojaa. Nimeongea na Janaki muuza maziwa. Kesho kutwa, saa moja kamili asubuhi, mimi natia mguu wa kulia langoni, yeye anatokea na chungu kimejaa pomoni. Akauliza ili iweje. Nikamwambia mambo ya nyota ni mazito. Akasema kizito anachokijua yeye ni chungu.

Jingine. Shajara hii nimeifunga kitambaa chekundu kama cha kitabu changu cha beti. Mwalimu akiniona naandika anadhani nanakili. Macho yake yamechoka, masikini, haoni. Leo kanisifu kwa bidii. Nimeona haya kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Sitaki kuongea.

Haya, naongea. Saa moja kamili nilikuwa nyuma ya mfenesi, mguu wa kulia hewani, tayari. Janaki hayupo. Kumbe Damodaran alikutana naye njiani, akamwonea huruma, akampokea mzigo. Akaingia nacho chungu kichwani, kimejaa, mguu wa kulia mbele, kama bwana harusi! Mwalimu akapiga makofi. Nami nikaingia nyuma yao. Paka akakatiza mbele yangu, mkosi mtupu. Halafu akarudi akakatiza tena, labda alidhani sikumwona.

Mama Madhavi, mke wa Mwalimu, akanipakulia puttu, ule unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, na ndizi. Akasema paka ni wa nyumbani, hahesabiki. Nampenda sana yule mama.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimeficha miwani ya Damodaran. Nilitaka tuone atasoma nini leo. Hata hakuitafuta! Alifumba macho akatiririsha beti mia tatu mfululizo. Kisha akaenda kunywa chai, akatia vijiko vitatu vya chumvi akidhani ni sukari, akainywa yote ili Mama Madhavi asijisikie vibaya. Moyo ukanisuta. Nikamrudishia miwani, nikadai nimeiokota kisimani. Akanishukuru mara nne. Mtu huyu hata uadui hauwezi.

Jioni nikamtwangia Mwalimu tambuu, kwa kuwa meno hana. Kazi hiyo ni yangu kila jioni, mwaka wa pili sasa. Mimi natwanga, yeye anaimba beti, anakohoa, anaendelea. Huwa simsikilizi. Ndio muda wangu wa kupanga mambo.

Jumatatu, 23 Oktoba

Kuandika leo ni mwiko. Tangu jana jioni vitabu vyetu vyote vimewekwa mbele ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, na mpaka kesho asubuhi hakuna kusoma wala kuandika hata herufi moja. Naandika kwa penseli, nyuma ya kalenda. Penseli haihesabiki.

Ni balaa! Jana Mama Madhavi alipita akikusanya vitabu, nikampa furushi langu jekundu. Nyumbani nikachungulia lile lililobaki. Beti! Shajara ndiyo iko madhabahuni, chini ya maua! Na kesho kila mwanafunzi anakabidhiwa kitabu chake, asome kwa sauti mbele ya umati. Nimemwomba Mama Madhavi anitolee mara moja tu. Akasema kitabu kikishawekwa hakiguswi, hata kiwe cha mkuu wa wilaya.

Jumanne, 24 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Omana alikaa mbele kabisa, ratiba ya treni ya Kozhikode mkobani. Damodaran akaanza, hakukosea hata silabi. Zamu yangu. Mwalimu akanikabidhi furushi. Nikafungua, nikakutana na mwandiko wangu: "masikini, haoni". Nikafumba macho, nikafungua mdomo, nikaingoja aibu.

Zikatoka beti! Beti za Mwezi, moja, kumi, arobaini, kwa sauti ya Mwalimu mwenyewe. Na pale anapokohoa yeye, na mimi nikakohoa. Nilijaribu kupita bila kukohoa, beti ikagoma. Watu hoi kwa kicheko. Mwalimu alicheka mpaka akatoa machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Akasema yeye hajawahi kuumwa kifua maishani. Kikohozi kile ni cha mjomba wake. Alikipata akimtwangia tambuu.

Kete akapewa Damodaran. Ni haki yake, nakiri. Nikajua ndiyo basi, miavuli. Lakini Mwalimu akamwita Omana, akamwomba aniache kwake mwaka mmoja zaidi. "Masikio ya mwanangu huyu yanaijua kazi," akasema. "Kinachomponza ni kichwa." Omana akafuta macho kwa ncha ya sari, akasema mwaka mmoja, siku haizidi. Nikainama kumgusa Mwalimu miguu, nikilia kabisa, sioni aibu kusema. Akaninong'oneza kwamba macho yake ni mabovu kwa karibu tu, kwa mbali yanaona vizuri, na kwamba nyuma ya mfenesi nilisimama vizuri sana kwa mguu mmoja.

Hata hivyo somo nimelipata. Beti huingia zenyewe kwa sikio, bila jasho! Basi nimeficha simu chini ya mkeka wa Mwalimu, inarekodi. Nitalala nayo sikioni, na kufikia Ijumaa zote mia nane zitakuwa ndani. Kwa nini nikae pale kila jioni nikipoteza muda? Kinu na mchi wa tambuu nimeshamkabidhi Damodaran.