Kiti cha Waziri Kilimani Nyanchwa

Watu wa Kisii na Nyamira walitangaziwa kwa vipaza sauti, kutoka Ogembo hadi Ekerenyo, kwamba mtambo wa kurusha chembe za atomu umekamilika kilimani Nyanchwa. Kila mwananchi aliombwa afurahi ipasavyo.

Aliyefurahi kupita wote ni Obwocha, Kaimu Mkurugenzi wa mtambo huo. Ukaimu ulikuwa umemchosha jamani! Hata mkewe akikasirika alimwita Kaimu. Waziri angekuja kubonyeza kitufe, halafu, Mungu akipenda, amthibitishe kazini.

Mtambo wenyewe si fumbo. Chembe hufyatuliwa kwa kasi ya ajabu zikagonga madini ya risasi yaliyoyeyushwa, yanayozunguka ndani ya bomba. Risasi ngumu ingetoboka. Iliyoyeyuka hubeba joto lake, hulitua kwenye maji baridi ya kijito, kisha hurudi kupigwa tena bila kudai likizo.

Obwocha akawaza: maji ya serikali yapoze risasi, na Waziri atoke jasho? Akaagiza kiti cha kuchongwa kwa jiwe la sabuni kutoka Tabaka, maji yapite chini yake.

"Kwenye njia ya maji, kiti kiwe kabla ya mtambo au baada, bosi?" akauliza Mhandisi Mong'ina.

"Madam, kwenye hafla nani huongea kwanza?"

"Chifu."

"Na Waziri?"

"Mwisho."

"Basi kiti kiwe mwisho. Itifaki ni itifaki."

"Lakini maji yakishapita kwa risasi..."

"Andikia Kamati Ndogo ya Upoezaji."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Obwocha. Kamati ikanywa chai, ikapitisha. Obwocha akakijaribu kiti mtambo ukiwa umezimwa. Baridi tamu kweli! Kikafaulu.

Siku ikafika. Waziri akabonyeza kitufe, akaketi, akashusha pumzi ya raha. Chifu akaanza kusalimia. Risasi nayo ikazunguka vizuri sana. Chifu alipofikia kuwasalimia wazee wa kijiji, Waziri alikuwa ameinua kalio moja. Kisha akahamia la pili. Kisha akaruka wima.

"Uuuwi!"

Kina mama wa Ekerenyo wakadhani amefungua ngoma. Wakapiga vigelegele, wakaingia uwanjani kucheza naye.

Waziri akanyakua maikrofoni, mkono mwingine ukiwa nyuma ya suruali. "Mtambo unafanya kazi. Nimehakikisha mwenyewe. Nani alipanga kiti hiki?"

Mong'ina akatazama mawingu.

"Ni mimi, mheshimiwa," Obwocha akasema.

"Ukaimu wako umekwisha leo." Obwocha akaona giza. "Sasa wewe ni Mkurugenzi kamili!"

Umati ukalipuka kwa shangwe. Obwocha akatokwa na machozi ya furaha.

"Na Mkurugenzi hasimami," Waziri akaendelea. "Njoo ukae hapa kwangu, wananchi wakuone vizuri."

"Mheshimiwa, itifaki..."

"Kaa."

Akakaa. Waziri akafungua hotuba yake, akaanza na historia ya umeme duniani.

"Madam, zima!" Obwocha akanong'ona, jasho likimtiririka.

Mong'ina akainama kwa heshima zote. "Bosi, kuzima mtambo lazima kamati ikutane. Na mwenyekiti ndiye huyu amekalishwa na Waziri."