Majoho Kumi na Sita Ndani ya Sabato

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimeaminiwa. Mama Eucabeth, mwenye nyumba hii ya wageni, amenikabidhi jukumu la kuchagua mashine ya kufulia. Si Tony. Mimi! Saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na kuku mmoja.

Nieleze mazingira, kwa faida ya yeyote atakayesoma kumbukumbu hizi nitakapokuwa mkurugenzi. Tuko Awendo. Vyumba kumi na viwili. Mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tunaletewa mitungi kwa mikokoteni ya punda. Mashuka yote hufuliwa kwa mikono na Mama Ryoba, mama mtulivu wa Kegonga ambaye mgongo wake, kwa maelezo yake mwenyewe, umeanza kumjibu. Ndiyo sababu ya mashine.

Mimi, Javan Mogire, nina shahada ya Ununuzi na Ugavi. Niko katika miezi mitatu ya majaribio. Kabla mwezi huu haujaisha, Mama Eucabeth atamtaja msaidizi wa meneja. Nafasi ni moja, na wanaoitazama ni wawili: mimi, na Tony wa mapokezi, ambaye hajawahi kuandika ripoti yenye dibaji.

Siwezi kushindwa. Mama yangu amekwisha kuwatangazia wanakanisa wote nyumbani kwamba mwanawe ni msaidizi wa meneja. Alipata wapi habari hizo? Kwangu. Nilitangulia kidogo.

Jumatano, 9 Julai

Nimesoma vijitabu tisa vya matangazo. Uamuzi wa awali: mashine ya mlango wa mbele. Hutumia maji machache kuliko ile ya mlango wa juu, kwa kuwa nguo hupinduliwa ndani ya maji kidogo badala ya kuogelea. Nimeunda jedwali la safu kumi na moja: lita kwa kila kilo ya nguo, aina ya mota, waranti, upatikanaji wa vipuri, kelele, hata rangi.

Tony amesema, bila kuombwa, kwamba tununue ya mlango wa juu. Hoja yake nzima ni kwamba ukisahau soksi unafungua unaitia. Nimemwuliza iwapo ana takwimu. Akaniambia, omera, yaani ndugu yangu, soksi haihitaji takwimu.

Mama Ryoba naye ameuliza hiyo ya mlango wa mbele inachukua muda gani kumaliza. Nimemjibu kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka. Muda si safu katika jedwali langu.

Ijumaa, 11 Julai

Asubuhi Migori mjini, mchana Homa Bay. Muuzaji wa Migori aliapa kwamba mashine zake haziharibiki kamwe. Nilipomwuliza vipuri vinapatikana wapi, akasema kisichoharibika hakihitaji vipuri. Nilivutiwa na mantiki yake, lakini sikununua.

Homa Bay nilimpata fundi Omwenga, ambaye ametengeneza mashine hizi miaka kumi na mitano. Akanionyesha moja ya kilo kumi, imara, mota isiyo na mkanda, vipuri vyake anavyo kabatini. Ina mzunguko maalumu wa kubana maji, wenye alama ya jani la kijani. Jani! Nilijua hapo hapo.

Omwenga akaniasa mambo mawili. Kwanza, nisome kijitabu cha maelekezo chote. Pili, tangi letu liwe juu sana, maana maji yakija kinyonge mashine husimama kuyangoja na mzunguko hurefuka. Nikamhakikishia kwamba tangi letu liko juu. Liko juu ya matofali manne.

Jumanne, 15 Julai

Imefika! Omwenga mwenyewe ameifunga. Mama Ryoba alichuchumaa naye mwanzo hadi mwisho akimmulikia tochi na kumwuliza kila kifuniko ni cha nini. Mimi nilikuwa na kazi nzito zaidi. Nilipiga picha.

Majaribio yakafuata. Mashuka saba, mzunguko wa jani, maji yote yakipimwa kwa mitungi. Matokeo: lita arobaini na saba! Mashuka hayo hayo, Mama Ryoba hutumia mitungi saba, yaani lita mia moja na arobaini. Mama Eucabeth aliguna mara mbili, na kwa Mama Eucabeth miguno miwili ni hotuba ya pongezi.

Tony akasema tuliyatia mashuka baada ya chai ya asubuhi na tumeyatoa baada ya kumeza chakula cha mchana. Wivu. Mshindi haangalii saa.

Jioni Mama Ryoba aliniuliza pembeni kama sasa atarudishwa Kegonga. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo, na nilijisikia vibaya. Nikamwambia kwamba nitakapokuwa msaidizi wa meneja, yeye ndiye wa kwanza nitakayemlinda. Akasema asante, kijana wangu, lakini huo mfereji unavuja.

Alhamisi, 17 Julai

Fursa! Kwaya ya akina mama kumi na sita kutoka Ndhiwa inafika kesho kulala kwetu. Jumamosi wataimba katika kanisa letu. Na Mama Eucabeth, Msabato wa kuzaliwa, mzee wa idara ya akina mama, ametangaza kwamba Jumapili atamtaja msaidizi wa meneja.

Nimejumlisha moja na moja. Kumi na sita watashuhudia mashine. Watasifu. Sifa zitamfikia Mama Ijumaa, zitalala naye Sabato nzima, na Jumapili zitaamka na jina langu.

Ijumaa, 18 Julai, saa tisa alasiri

Naandika kwa wino wa furaha. Inazunguka!

Kwaya ilifika saa saba na nusu. Majoho yao meupe yalisafiri juu ya gari, nyuma ya trekta za miwa, na mfuko ukapasuka. Wekundu wa vumbi hadi shingoni! Kiongozi wao, Mama Roselyn, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha mawingu, alimwendea Mama Ryoba moja kwa moja. Wakakubaliana kuyafikicha na kuyaanika. Jua lipo, saa kumi yatakuwa makavu.

Nikaingilia kati. Nilitoa hotuba fupi ya dakika ishirini kuhusu maji. Mama Ryoba akanong'ona kwamba basi nitumie ule mzunguko mfupi wa nusu saa. Mfupi! Mbele ya wageni! Ningeonyesha nini? Nikabonyeza jani.

Kioo kidogo cha namba kimeandika muda wa saa tatu na dakika ishirini. Nimeanza saa nane na dakika arobaini. Itamaliza saa kumi na mbili kamili. Sabato inaingia jua likizama, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Nina dakika arobaini na tano za ziada. Hii ndiyo maana ya kwenda chuo.

Jumamosi, 19 Julai, baada ya machweo

Jana jioni sikuandika. Kalamu nayo ni kazi, na dhambi nilizokuwa nazo zilinitosha.

Saa tisa na nusu umeme ulipotea. Ukarudi saa kumi kasoro kumi. Kisha ikafika zamu ya kusuuza, na mashine ikasimama kuyangoja maji ya tangi, ambayo yalikuja kwa mwendo wa mzee anayekwenda kortini. Saa kumi na mbili kamili kioo cha namba kikasoma kwamba zimebaki dakika hamsini na tano. Robo saa baadaye kikasoma dakika hamsini na tano. Nilikigonga. Kikasoma hamsini na sita.

Mama Roselyn akauliza, nyathina, mwanangu, nguo zetu ziko wapi? Nikamwonyesha kupitia kioo cha mlango. Alikubali kwamba anaziona. Aliuliza atazivaaje zikiwa humo. Nikavuta mlango. Umefungwa! Mashine ya mlango wa mbele ikiwa na maji haifunguki, na ni sawa, kwa kuwa vinginevyo maji yote yangekuwa sakafuni. Nilimweleza Mama Roselyn faida ya mpango huo. Hakuithamini. Tony, aliyekuwa ameegemea mlango kwa starehe, alisema neno moja tu: soksi.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano Mama Eucabeth aliingia akiwa amejifunga kitambaa chake cheupe cha ibada. Hakunitazama. Alizima swichi ya ukutani. Namba zikazimika.

Nikajitetea kwa hoja. Nilisema amri ya nne inataja mwana, binti, mtumishi, mnyama na mgeni, lakini haitaji mashine mahali popote. Mama Eucabeth akaniuliza kama mashine hufanya kazi ya mtumishi au haifanyi. Nikasema hufanya. Akasema basi ni mtumishi, na imepumzika, nami nipumzike mdomo. Nikapendekeza Mama Ryoba, ambaye ni Mkatoliki, aendelee kwa mikono. Akasema Mama Ryoba ni mgeni ndani ya malango yake. Na mgeni nilikuwa nimemtaja mwenyewe katika hoja yangu.

Akina mama kumi na sita wakatazamana. Wametoka Ndhiwa, wamefanya mazoezi miezi miwili, na kesho hawana cha kuvaa ila sketi za safari. Mmoja wao alianza kulia bila sauti. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haya hayakuwa mambo ya cheo changu peke yake. Nilielewa kwa muda wa kama dakika mbili.

Aliyetuokoa ni Mama Roselyn. Akauliza, kwa ile sauti yake: dada Eucabeth, ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya Sabato, humtoi? Mama Eucabeth akakiri kwamba humtoa. Basi, akasema Mama Roselyn akiunyoshea kidole mlango wa kioo, ng'ombe wangu kumi na sita hao hapo.

Mama Eucabeth alikaza fundo la kitambaa chake. Akahukumu hivi: ng'ombe atatolewa shimoni, lakini hataogeshwa. Kutoa tu! Hakuna kusuuza, hakuna pasi.

Nani angefungua? Mimi nilishika kijitabu cha maelekezo, ambacho nilikisoma hadi ukurasa wa jani na kusimama hapo. Kabla sijafika kwenye orodha ya yaliyomo, Mama Ryoba alikuwa amekwisha kupiga magoti na kijiko cha chai. Akabandua kifuniko kidogo chini kabisa mwa mashine, akavuta mpira mwembamba, akayamwaga maji ndani ya beseni, moja baada ya jingine. Kisha akavuta kijikamba chekundu. Tak! Mlango ukafunguka. Fundi alimwonyesha siku ile ya tochi. Kwaya ikapiga vigelegele. Mimi pia, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Majoho yakatoka na sabuni yake yote.

Leo asubuhi waliyavaa. Mabichi, yenye makunyanzi, lakini meupe. Hilo lazima lisemwe. Kati ya lango na mlango wa kanisa ikaanguka mvua ya rasharasha. Povu likaanza mabegani. Likashuka mikononi. Kufikia ubeti wa pili Mama Roselyn alikuwa na ukosi wa povu kama mfalme. Hakuacha kuimba! Hakuna aliyeacha! Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuoshwa dhambi, na kanisa zima lilisimama likalia na kucheka kwa pamoja. Mzee mmoja alisema hajapata kuona kwaya iliyojiandaa hivyo.

Wameondoka na kutuachia majoho tuyasuuze. Sifa zimemfikia Mama Eucabeth, kama nilivyopanga. Sina hakika zinamhusu nani.

Jumapili, 20 Julai

Msaidizi wa meneja ametajwa. Ni Mama Ryoba.

Tony alicheka hadi alipokumbuka kwamba naye hakutajwa. Mama Eucabeth aliniita ofisini, akanikalisha, akaniagizia chai. Akasema, Javan, baba, akili unayo, lakini inakimbia mbele yako kama ndama aliyekata kamba. Ameniongezea miezi mitatu ya majaribio, chini ya Mama Ryoba. Nililengwa na machozi. Nikamwambia ni moshi. Chai hiyo ilitoka kwenye birika la umeme.

Mama Ryoba alinifuata nyuma ya nyumba. Hakuringa. Akasema mashine niliyochagua ni nzuri kweli. Itumike asubuhi, tangi lipandishwe juu ya mnara wa mbao, mzunguko mfupi kwa nguo zisizo chafu sana, na niwe nauliza. Nimeandika yote kwa ufupi: mashine niliyochagua ni nzuri kweli.

Nikampigia mama yangu simu. Ilinibidi nimwambie ukweli, kwa hiyo nikamwambia kwamba mimi sasa ni msaidizi wa msaidizi wa meneja. Akaniomba nirudie. Halafu akapiga ukelele wa furaha. Kumbe cheo kimerefuka!

Jumanne, 22 Julai

Ndhiwa. Mama Ryoba alinituma kuyarudisha majoho, sasa yamesuuzwa na kupigwa pasi. Maagizo yake yalikuwa manne: nikabidhi, niombe radhi, ninywe chai, nirudi.

Nilitekeleza matatu kwa ufanisi mkubwa. Mama Roselyn alinipokea kama mwanawe, akanimegea samaki sehemu ya kichwa, akawaita majirani na mchungaji waje kumwona kijana wa povu. Wote walinishika mkono. Ni watu wema mno.

Wakati wa chai nikasikia kwamba makambi ya kanisa lao, mikutano yao mikubwa ya kila mwaka, ni mwezi ujao, na spika zao za zamani hukoroma. Nikaweka kikombe chini. Nikauliza iwapo wamewahi kuwa na mtaalamu wa ununuzi. Mama Roselyn akasema, nyathina, kunywa chai yako. Sikunywa. Katika maisha ya mtu huja saa ambayo lazima asimame, na nilisimama, nikagonga meza na kumwaga chai ya mchungaji.

Wamekubali! Au tuseme hawakukataa kwa maneno. Nimekwisha kuwasiliana na muuzaji mmoja wa Migori, bingwa, anayeapa kwamba spika zake haziwezi kuharibika. Mama Eucabeth atakapozisikia kutoka Awendo, yale majaribio ya miezi mitatu yatajifuta yenyewe. Ibada ya ufunguzi wa makambi ni Ijumaa, jua likizama. Spika zitafika Ndhiwa siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri.

Muda tele!