Nyeusi au ya Kijivu?

Jumatatu, 3 Machi
Kamera yangu imekata roho. Studio, mbele ya mteja aliyekwisha kutabasamu! Arusi ya mpwa wangu ni Jumamosi, na dada ameapa: nisipokuwa na kamera ifikapo Ijumaa jioni, kazi anapewa Kipara, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara. Kipara! Mtu anayekata watu vichwa kwenye picha za pasipoti. Lakini sina wasiwasi. Dukani zimebaki kamera mbili, nyeusi na ya kijivu. Mjinga angenyakua moja akaondoka. Mimi nitalinganisha.

Jumanne, 4 Machi
Nimechora jedwali. Nyeusi inaona gizani; ya kijivu betri yake inadumu. Nyeusi ina lenzi kali. Ya kijivu ni nyepesi. Ngoma droo. Nimemtuma mke wangu kwa Kipara, ajifanye mteja, achungulie anatumia kamera gani. Karudi na picha yake kwenye fremu. Kapendeza, sikatai. Kamera je? Eti hakuitazama. Akaongeza kwamba miaka kumi na mmoja ya ndoa sijawahi kumwambia ainue kidevu. Jasusi bure kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeacha kitambulisho dukani, nikaazimwa zote mbili hadi jioni. Muuzaji alisema nichukue yoyote, zote zinapiga picha. Ndiyo maana yeye ni muuzaji. Nimempiga picha mama mkwe kwa zote mbili: kiti kilekile, dirisha lilelile, uso uleule wa kunidharau. Kisha wazo la kitaalamu: nisije nikapendelea, nikazichapa bila kuandika ipi ni ya kamera ipi, nikazichanganya kama karata. Kadi za kumbukumbu za kamera nikazifuta, nizirudishe safi kiungwana. Nikachagua picha bora. Safi ajabu, hata vinyweleo vya kidevuni vinahesabika! Ni ya kamera gani? Sijui. Hakuna ajuaye. Mama mkwe kaviona vile vinyweleo, anasema nimefanya makusudi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekata shauri: nyeusi! Nafika dukani, imeuzwa asubuhi hii hii. Jina la mnunuzi muuzaji halijui, ila kichwa chake kinang'aa. Aliuliza kama inafanya kazi, akaambiwa ndiyo, akaenda nayo. Hovyo! Muuzaji kanisihi nichukue ya kijivu, arusi ni kesho. Lakini sasa nailinganisha na nini? Nimeondoka na heshima zangu.

Jumamosi, 8 Machi
Arusini nilikuwa mjomba tu. Kipara alinipanga nyuma, akaniambia nisogee kidogo, tena kidogo, mpaka nikaishia nyuma ya nguzo. Bibi arusi akaja kuninong'oneza kwamba alitaka nimpige picha mimi, hata kwa simu ingetosha. Nikatoka nje nikalia. Nililia kweli.

Jumapili, 9 Machi
Mpwa wangu kapiga simu. Yeye na mumewe wanahamia mbali, gari linaondoka saa nne, anataka nimpige picha moja kabla ya safari. Nimekimbia dukani, nikachukua ya kijivu bila swali hata moja. Nimebadilika! Imebaki mifuko ya kubebea tu. Kuna wa ngozi, kuna wa turubai. Wa ngozi una heshima. Wa turubai una zipu mbili. Muuzaji ananionyesha saa ya ukutani. Watu wa haraka hawa! Sasa ni saa nne na robo, na wa ngozi unaongoza.